Kuzamia maji baridi huku unajiandaa kwa mbio ndefu: mwongozo kwa mkimbiaji wa Bukavu

Mkimbiaji wa Bukavu ana vilima vinavyojenga miguu na mapafu bila kutafuta kiwanja, na ana ziwa chini ya karibu kila barabara ya Ibanda. Anayejiandaa kwa kilomita 42 au 56, na wakati huohuo anataka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa katika maji baridi, anaweza kuanzia hapahapa. Lakini mazoezi haya mawili yanaibiana. Mbio zinakula sukari, maji na mafuta ya mwili, na hivyo vitatu ndivyo mwili unavyovitegemea unapopambana na baridi. Anayeyachanganya bila mpango atajikuta amechoka barabarani na anatetemeka majini.

Kwanza tuelewane juu ya baridi. Ziwa Kivu lina nyuzi 23 hadi 25 za Selsiasi juu yake karibu mwaka mzima, na tofauti na maziwa mengi, ukishuka chini sana joto linapanda tena kwa sababu ya maji ya moto na ya chumvi yanayoingia kutoka ardhini. Maji baridi ninayoyasema ni ya nyuzi 15 kushuka: upande wa Atlantiki wa Cape Town, ambako upepo wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi chao hupandisha maji ya kina yenye nyuzi 10 hadi 14, wakati mwingine chini ya hapo, au machimbo ya mawe yaliyojaa maji kule Ubelgiji, kama Vodelée, ambako majira ya baridi ni makali zaidi.

Kwa hiyo ustadi wa mikono na pumzi ujifunzie Kivu, halafu baridi yenyewe uikute huko. Baridi huchukua vidole kwanza, akili baadaye. Jambo ambalo bado unalifikiria kabla ya kulifanya, ndani ya nyuzi 10 hutalifanya.

Hatua ya 1: Daktari na mwalimu

Nenda kwa daktari umweleze mambo yote mawili, mbio na kuzamia. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulizwa na masikio yasiyozibuka ni mambo ya kujadili kabla ya kununua hata barakoa. Mwambie pia kama vidole vyako hugeuka vyeupe na kufa ganzi kwa baridi ndogo, maana mtu wa namna hiyo atateseka sana na anaweza kuumia. Mapigo ya moyo ya polepole ambayo wakimbiaji wengi wanayo si ugonjwa, lakini daktari ayajue.

Kuzamia kwa mtungi hujifunzi peke yako wala kwa video. Tafuta mwalimu mwenye cheti cha shirikisho linalotambulika, kama CMAS, lililoundwa mwaka 1959, au PADI. Kama humpati karibu, fanya hatua ya 2 na ya 3 hapa nyumbani, na ya 4 uisubiri hadi utakapompata. Hutapoteza kitu: mtu anayefika kwenye kozi akiwa tayari anaogelea vizuri kwa mapezi na hashtuki maji yakiingia kwenye barakoa, mwalimu anamfundisha mengine kwa raha.

Hatua ya 2: Kazi ya juu ya maji, bila mtungi

Unahitaji barakoa, mrija wa kupumulia, mapezi na mtu wa kukuangalia. Chagua ghuba tulivu, asubuhi kabla upepo haujaamka, mbali na njia ya boti za Goma na mbali na midomo ya mito ya mji kama Kawa. Baada ya mvua kubwa usiingie kabisa siku hiyo. Mito hiyo inashusha taka za mji mzima, na sikio la mzamiaji ndilo linalolipa kwanza. Kichocho pia kipo sehemu nyingine za ufuo, hasa penye majani na konokono. Ingia penye mawe na maji safi, na ukihisi homa au muwasho usioeleweka wiki zinazofuata, kapime.

Ongea na wavuvi kabla ya kuingia. "Papa, nyavu ziko wapi leo?" ni swali dogo linalookoa uhai. Nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, hazionekani vizuri chini ya maji, na dereva wa boti ya injini huenda hajui maana ya bendera ya wazamiaji. Funga bidoni (dumu) ya njano kwa kamba ndefu na uivute popote unapokwenda. Bidoni kila mtu anaiona. Beba kisu kifupi au mkasi wa kukatia kamba.

Sasa miguu, maana hapa ndipo wakimbiaji wanaposhindwa na wenyewe hawaamini. Kifundo cha mguu cha mkimbiaji ni kigumu, kwa sababu barabara inakitaka kiwe kama chemchemi ya chuma. Pezi linataka kinyume: mguu unyooke hadi vidole vielekee nyuma. Anayeshindwa kunyoosha hukunja magoti na kupiga maji kana kwamba anaendesha baiskeli, anachoka, anapumua sana, hasogei. Kila jioni piga magoti sakafuni, laza juu ya miguu chini, kaa juu ya visigino taratibu, sekunde 30, pumzika, rudia. Usisukume kwa nguvu. Wiki sita za hivyo zinabadilisha kupiga mapezi kuliko mwezi wa kuogelea kwa hasira.

Majini jifunze mateke ya aina mbili: la kutoka kwenye paja, refu na la polepole, na la chura, ambalo miguu inafunguka na kufunga. La chura linatunza misuli ya shavu la mguu, na kwa mtu aliyekimbia vilima vya Kadutu juzi hilo ni jambo kubwa. Shavu la mguu likikaza majini, shika ncha ya pezi uivute kuelekea kwako huku unanyoosha goti. Fanya hivyo mara nyingi bila kukaza, mpaka mkono uende wenyewe.

Mengine ni ya kurudia tu: kutoa maji kwenye barakoa, kupumua kwa mrija bila barakoa huku uso uko majini, kusawazisha shinikizo la masikio kila nusu mita unaposhuka. La kupumua bila barakoa lisikupite. Maji yakigusa pua, mwili unataka kuvuta hewa kwa pua, na tabia hiyo inavunjwa kwa mazoezi peke yake.

Kuhusu kushika pumzi niseme kwa ukali: usivute hewa nyingi haraka-haraka kabla ya kuzama, na usifanye hata mara moja bila mtu aliye karibu anayeweza kukutoa. Ukipumua haraka unaondoa kaboni dayoksidi, ambayo ndiyo inayoamsha hamu ya kuvuta hewa. Oksijeni inaisha kabla hujasikia dalili, unazimia kimya. Mkimbiaji hodari yuko hatarini zaidi hapa kwa sababu amezoea kupuuza mwili unapolalamika.

Hatua ya 3: Ndoo, beseni na barafu

Kuzoea mshtuko wa baridi kunawezekana Bukavu bila kusafiri. Tafiti za kuzamisha watu katika maji baridi zimeonyesha kwamba kuingia mara tano au sita tu, kwa dakika chache, hupunguza kwa kiasi kikubwa ule mhemo wa kwanza, na faida yake hudumu kwa miezi. Kinachotafutwa hapa ni kutawala dakika ya kwanza. Atakayekaa muda mrefu kuliko mwenzake hapati zawadi.

Anza na uso. Beseni la maji, vipande vya barafu, mrija mdomoni, barakoa hapana. Tumbukiza uso sekunde 30 na pumua kwa mrija, ukitoa hewa polepole kuliko unavyoivuta. Ukiweza hilo kwa utulivu, nenda kwenye mikono: ndoo yenye maji na barafu, dakika mbili au tatu, kisha funga na ufungue kifungo cha mkanda, washa taa, andika jina lako kwenye kibao. Utashangaa jinsi vidole vinavyokuwa vya mtu mwingine. Rudia ukiwa umevaa glavu nene, kwa sababu huko Cape Town au Ubelgiji utakuwa nazo.

Mwisho ni mwili. Pipa au beseni kubwa, maji ya nyuzi 12 hadi 15 kwa kipimajoto, mtu mzima kando yako. Ingia taratibu hadi kifuani, kichwa nje. Dakika ya kwanza usifanye kitu isipokuwa kutoa pumzi ndefu. Dakika tatu zinatosha, toka. Usiruke ndani kwa ghafla na usizamishe uso siku hizi za mwanzo, maana baridi ya ngozi huharakisha moyo wakati uso majini unaupunguza mwendo, na amri hizo mbili kwa pamoja zinaweza kuvuruga mapigo. Siku ya mbio ndefu usiguse pipa. Mwili uliochoka hautetemeki vizuri, na kutetemeka ndiko moto wake.

Hatua ya 4: Mtungi katika Ziwa Kivu

Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hili ndilo somo ambalo kozi nyingi za baharini hulipitia haraka. Hewa ya Bukavu ina shinikizo la kama asilimia 85 ya lile la baharini. Unaporudi juu unatua kwenye shinikizo dogo zaidi, kwa hiyo naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa kishindo zaidi, na viputo ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa kuzamia: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Ukitumia jedwali la kuzamia la baharini, lile linaloonyesha muda salama kwa kila kina, gawanya kina kwa 0.85. Mita 15 za Kivu zihesabu kama mita 18. Kompyuta nyingi za kuzamia, zinazovaliwa mkononi, hujirekebisha, nyingine lazima uziambie. Hakikisha kabla ya kuingia. Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika tatu hata kama kompyuta haidai.

Mgeni anayetoka Kinshasa au Uvira asizamie siku aliyofika. Alale kwanza, mwili wake uzoee shinikizo la huku.

Kuna swali la gesi, na watu wana haki ya kuuliza. Metani na kaboni dayoksidi za Kivu zimefungiwa zaidi chini ya mita 250 hivi, na bonde la upande wa Bukavu halifiki kina hicho. Lina kama mita 100 tu. Mzamiaji wa mita 15 hapa hakutani nazo. Lakini kaskazini ni habari nyingine: ghuba ya Kabuno ina kaboni dayoksidi nyingi karibu sana na juu, na kwenye nchi kavu ya Goma na Sake kuna mazuku, mashimo yenye gesi nzito inayoua watu na mbuzi bila harufu. Usizamie Kabuno, na usipumzike penye bonde la mawe ya volkano usilolijua.

Ndani ya maji, zoezi kuu ni kuelea bila kusogea. Mita tano, juu ya mchanga, mikono imekunjwa, unapanda na kushuka kwa pumzi tu. Wakimbiaji wana mapafu mapana na huwa wanayatumia yote. Ukivuta hewa hadi mwisho unapaa, ukiitoa yote unaanguka. Tafuta pumzi ya katikati, ya taratibu, isiyokatizwa. Usiibane kati ya kuvuta na kutoa ili kuokoa hewa. Kichwa kitauma kwa kaboni dayoksidi, na ukipanda na pumzi iliyobanwa unaweza kupasua pafu. Kisha fanya kila kitu ukiwa umevaa glavu: toa na rudisha kifaa cha mdomoni, mpe mwenzako hewa, vua mkanda wa risasi (vipande vya madini mazito vinavyokusaidia kuzama) na uuvae tena. Hata nyuzi 24 zitakuonyesha baridi baada ya dakika arobaini, kwa kuwa maji huchukua joto la mwili karibu mara 25 kuliko hewa.

Hatua ya 5: Kuipanga wiki

Kukimbia siku moja kabla ya kuzamia hakuna ubaya, mradi umekula, umekunywa na umelala. Hatari ni kukimbia baada ya kuzamia. Mazoezi makali yanatikisa na kuongeza viputo wakati mwili bado unavitoa. Mimi sikubali mbio zozote siku ya mbizi, na mbio ngumu zingoje saa 24.

Bukavu inaongeza jambo la pili, mwinuko. Mtu akitoka ziwani akapanda kwa miguu hadi mitaa ya juu ya mji, tayari amepanda mita mia kadhaa. Akichukua gari kwenda Tshivanga, mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, amevuka mita 2,000. Ndege ya abiria huweka shinikizo la ndani sawa na mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi, na wazamiaji wanasubiri saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 baada ya nyingi, kabla ya kuipanda. Sheria ya ndege ni sheria ya mlima. Kilele cha Kahuzi, mita 3,308, kipangie wiki nyingine kabisa.

Wanaokwenda Uvira kuzamia Tanganyika wasikie hili zaidi: ziwa lile liko mita 770 hivi, na kurudi Bukavu kupitia mteremko wa Ngomo ni kupanda karibu mita 700, na njiani zaidi ya hapo. Lala Uvira. Na uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko, hasa karibu na mdomo wa Ruzizi.

Wiki inayofanya kazi kwa mtu mwenye ajira inaweza kuwa hivi. Jumanne mbio za kasi, fupi. Jumatano mapezi ziwani na vifundo. Alhamisi mbio ndefu, mapema lakini baada ya kupambazuka, kwa sababu za usalama na za pikipiki. Barabara ya kuelekea Kavumu ina sehemu zenye mwinuko mpole. Ijumaa pumzika na ule. Jumamosi asubuhi ziwani na mtungi, mchana wote utulie. Jumapili jioni, baada ya ibada, mbio nyepesi za tambarare. Jumatatu pipa la baridi au usingizi, chagua usingizi ukiwa na shaka. Wasioweza kuacha mbio ndefu ya Jumamosi wazamie Jumatatu, si Jumapili. Na wiki tatu za mwisho kabla ya mashindano acha mtungi, ziwa halitahama.

Hatua ya 6: Chakula, maji na kifua

Kutetemeka kunachoma sukari ya misuli, ileile uliyoichoma kwenye kilomita 30. Usiku wa kabla ya mbizi kula bukari ya kutosha, maharage, sambaza, viazi vitamu. Usipunguze uzito katika kipindi hiki. Mkimbiaji mwembamba hupoa haraka kuliko mtu mwenye mafuta kidogo chini ya ngozi, na kilo mbili zaidi hazitakunyima medali. Kasiksi na bia hapana, tangu jana yake: pombe inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka.

Maji yanataka kipimo. Maji ya ziwa yakikubana na baridi ikikugusa, damu inakimbilia kifuani, figo zinadhani umezidi maji na unakojoa sana. Ukiwa umekauka, viputo vinapata nafasi. Lakini kunywa lita nzima dakika za mwisho nako kuna hatari yake: baridi, juhudi kubwa, suti inayobana na maji mengi tumboni vinaweza kusukuma majimaji ndani ya mapafu, hata kwa kijana mwenye afya na hodari wa mbio. Dalili ni kikohozi, kukosa pumzi bila sababu, kifua kinachokoroma, povu lenye rangi ya damu. Mkimbiaji atadhani amechoka tu. Toka majini, kaa wima usilale, vua suti, vuta oksijeni kama ipo, nenda hospitali, na usirudi majini siku hiyo hata ukijisikia vizuri.

Hatua ya 7: Siku ya baridi yenyewe

Suti ya mpira ya milimita 7 yenye kofia inatosha wengi kwenye nyuzi 12 kwa mbizi fupi. Chini ya nyuzi 10 suti kavu ni bora, lakini inahitaji mafunzo yake, kwa sababu hewa iliyo ndani inaweza kukimbilia miguuni na kukupandisha kichwa chini. Mpira unabanwa na kina: unavyoshuka unakuwa mwembamba, unapoteza joto na unazama. Pima risasi upya kila unapobadilisha suti au unapotoka maji matamu kwenda ya chumvi.

Chini ya nyuzi 10 kifaa cha kupumulia kinaweza kuganda na kumwaga hewa bila kukoma, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye shinikizo kubwa hupoa sana. Tumia kilichotengenezwa kwa maji baridi, usikijaribu kwa kupumulia nje penye upepo, jaza jaketi la kuelea kwa miguso mifupi na si wakati uleule unapovuta pumzi. Kikimwaga, vuta hewa pembeni bila kufunga midomo, mshike mwenzako, pandeni pamoja kwa mwendo wa kawaida.

Tumia theluthi moja ya hewa kwenda, theluthi kurudi, moja ibaki. Kila dakika chache gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo. Vikishindwa kukutana, mbizi imekwisha. Usibishane. Ukitoka, vua suti nje ya upepo, vaa kofia na koti kwanza, kunywa chai ya tangawizi yenye sukari, na bafu ya moto isubiri.

Kama safari ni ya Cape Town kwa mbio za Two Oceans, zile za kilomita 56, kimbia kwanza. Pumzika siku nne, ukihakikisha unashuka ngazi bila maumivu na mkojo ni mweupe, ndipo uzamie. Mbizi ya mwisho ikamilike saa 24 kabla ya ndege, na kama unashukia Kigali, kumbuka kwamba barabara ya kurudi kupitia Nyungwe inavuka mita 2,000 pia.